Kengele Haifiki Malishoni

Barua ya wazi kwa Kamati ya Bunge la Taifa kuhusu Elimu, Nairobi

Waheshimiwa,

Kila Januari shule za msingi za umma nchini Kenya hufunguliwa siku moja, kuanzia Lungalunga mpakani mwa Tanzania hadi Lokichoggio karibu na Sudan Kusini. Katika sehemu kubwa ya kaskazini, Januari ni kiangazi. Mvua za vuli zimekwisha, maji ya silanga yanapungua, na mifugo isiyotoa maziwa imekwisha kupelekwa fora, zile kambi za malisho zilizo mbali na nyumbani, pamoja na vijana na watoto wa kuichunga. Mwalimu anapoita majina siku ya kwanza ya muhula, wapo watoto walio mwendo wa siku mbili tatu kutoka darasani.

Halafu huja Aprili. Masika yananyesha, nyasi zinaota karibu na boma, maziwa yanapatikana, kambi zinarejea na familia inakaa pamoja. Huo ndio mwezi ambao shule hufungwa kwa likizo. Mwishoni mwa mwaka mambo hujirudia: vuli inanyesha Novemba na Desemba, watoto wako nyumbani, na darasa lina kufuli. Kalenda inayowafaa watoto wa Kiambu na Kakamega humfungia nje mtoto wa mfugaji katika miezi ileile ambayo angeweza kuja, kisha humwandika mtoro katika miezi ambayo hawezi.

Barua hii inaletwa kwenu kwa sababu kamati yenu ndiyo inayochambua makadirio ya fedha za Wizara ya Elimu, na ndiyo yenye uwezo wa kumwita Waziri aeleze kilichofanyika na kisichofanyika. Mwaka 2024 UNESCO lilikadiria kwamba watoto wapatao milioni 71 wenye umri wa shule ya msingi hawasomi duniani kote. Tarakimu kubwa namna hiyo humfanya mtu ahisi kwamba jambo lenyewe limemzidi kimo. Sehemu yake iliyo mikononi mwenu ina majina ya mahali: Turkana, Marsabit, Samburu, Isiolo, Wajir, Mandera, Garissa, Tana River, na pande za Baringo na Pokot Magharibi.

Sheria ipo, tena imeandikwa vizuri. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Kifungu cha 56 kinaitaka serikali iweke nafasi maalumu za elimu kwa makundi yaliyotengwa, na Kifungu cha 260, kinapoeleza jamii iliyotengwa ni ipi, kinawataja wafugaji waziwazi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakwenda mbali zaidi. Kifungu chake cha 28 kinaagiza kuwe na shule za kuhamahama mahali zinapoweza kufikiwa, na shule za bweni zinazofaa katika maeneo kame. Sheria hiyohiyo ndiyo iliyounda Baraza la Kitaifa la Elimu ya Wahamaji, NACONEK. Vilevile inasema kwamba mzazi asiyempeleka mtoto wake shule anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 100,000, au kufungwa hadi mwaka mmoja, au adhabu zote mbili.

Adhabu hiyo ni rahisi kuitangaza kwenye baraza la chifu, kwa kuwa haihitaji bajeti. Shule ya kuhamahama inahitaji mwalimu, ngamia wa kubeba vifaa, mahema, taa za sola na mshahara usiochelewa. Ndiyo maana mzazi anaijua zaidi sehemu ya sheria inayomtisha kuliko ile inayompa haki.

Aliyekuwa Waziri wa Elimu, marehemu Profesa George Magoha, alipopita mtaa kwa mtaa katika vitongoji maskini vya Nairobi mwaka 2021 akiwatafuta wanafunzi ambao hawakuwa wamejiunga na kidato cha kwanza, nchi nzima iliona kwamba serikali ikitaka mtoto inaweza kumfuata hadi mlangoni. Kibera, kimojawapo cha vitongoji hivyo, ni mahali unapoweza kupazunguka kwa miguu kwa siku chache. Kaunti ya Turkana peke yake ina ukubwa unaozidi Rwanda na Burundi zikijumlishwa, na ya Marsabit vivyo hivyo. Huko huwezi kumfuata mtoto mlangoni, maana mlango wenyewe huhama.

Chanzo cha upungufu wa shule huko kaskazini kimo katika maandishi ya serikali yenyewe. Waraka wa Kikao Nambari 10 wa 1965, uliozungumzia Ujamaa wa Kiafrika na mipango ya Kenya, uliamua kwamba fedha za maendeleo zielekezwe zaidi kwenye maeneo yenye ardhi nzuri na mvua ya kutosha, ambako zingezaa haraka. Kaskazini haikuwa na vitu hivyo. Miaka sita baadaye, mwaka 1971, serikali iliondoa karo ya shule za msingi katika wilaya za wafugaji, kabla hata ya tangazo la Desemba 1973 lililowaondolea karo watoto wa madarasa manne ya mwanzo nchini kote. Mnamo miaka hiyo ya 1970 zikajengwa pia shule za bweni za gharama nafuu kwa ajili ya watoto wa wafugaji. Ni kweli kwamba michango ya majengo iliyofuata ilirudisha kwa mlango wa nyuma sehemu ya gharama iliyoondolewa. Lakini hata pale ambapo mzazi hakudaiwa kitu, madawati mengi yalibaki matupu.

Mwaka 2003 serikali ya Rais Mwai Kibaki ilipofuta karo, idadi ya wanafunzi wa shule za msingi iliruka kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2 kwa mwaka mmoja. Hilo ni jambo la kujivunia, na watu wazima wengi wanaosoma barua hii ni matunda yake. Ongezeko hilo lilionyesha kwamba watoto wengi wa mijini na wa nchi za kilimo walikuwa wamezuiwa na karo tu. Kwa mtoto wa fora ukuta ulikuwa mwingine, na hakuna aliyeugusa.

Bunge lenyewe limewahi kuwa na shahidi wa jambo hili. Joseph Lekuton, aliyekuwa mbunge wa Laisamis tangu uchaguzi mdogo wa 2006 hadi 2017, alizaliwa katika familia ya wafugaji wanaohama kaskazini mwa Kenya. Katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Marekani mwaka 2003, anasimulia kwamba serikali ilitaka kila familia itoe mtoto mmoja aende shule, na katika familia yao akaenda yeye. Alisoma shule ya bweni ya wamisionari. Shule ilipofungwa alitembea kilomita nyingi, akiwa bado mdogo, akiitafuta familia yake, kwa sababu ilikuwa imekwisha kuhama kutoka pale alipoiacha. Baadaye alisoma shule ya sekondari ya Kabarak, akaenda Marekani, akawa mwalimu, akafika hadi Chuo Kikuu cha Harvard, kisha akarudi kugombea ubunge.

Safari hiyo husimuliwa kama ushindi, na kweli ni ushindi. Hata hivyo, msomaji makini hawezi kuacha kuwafikiria ndugu waliobaki na ng'ombe. Walikuwa na akili za watoto wa nyumba moja na mtu aliyefika Harvard. Kilichowatenganisha ni utaratibu uliomlazimisha mzazi achague: huyu apewe mwalimu, yule apewe fimbo. Mtoto aliyechaguliwa naye alilipa kwa namna yake, kwa kuwa shule ilimtaka aondoke kwao kabisa ndipo imfundishe kusoma.

Uchaguzi huo ungali ukifanyika katika maboma mengi, na mzazi anayeufanya si mjinga wala mkaidi. Mifugo ni chakula cha leo, ni mahari, ni nauli ya hospitali, ni karo ya sekondari ya huyohuyo aliyepelekwa shule. Mifugo lazima ichungwe, inyweshwe na ilindwe, na mikono ya kazi hiyo ni ya familia. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo, na zaidi ya mifugo milioni mbili ikafa nchini. Nyumba iliyokuwa na watoto wote fora ilipoteza kila kitu kwa pamoja. Nyumba iliyokuwa na mmoja darasani na wengine malishoni ilibaki na pa kushika. Mzazi aliyeyaona hayo hawezi kushawishiwa kwa hotuba kwamba awapeleke wote shule aache mifugo, wala kwamba awaache wote na mifugo. Anachokosa ni shule ambayo mtoto anaweza kuisoma huku akichunga.

Kwa wasichana mzigo ni mzito zaidi. Maji yanapokuwa mbali, anayeyafuata ni binti, na mdogo wake anapohitaji kubebwa, anayembeba ni binti. Nyumba inapoishiwa mifugo, posa ya mtu mwenye ng'ombe husikilizwa kwa masikio tofauti. Shule iliyo kambini, ambako mama anamwona binti yake akisoma na bado anamwona akiwa salama, huondoa hofu moja kubwa inayowafanya wazazi wakatae bweni la mbali.

Sasa fedha, kwa kuwa hilo ndilo eneo lenu. Mgao wa elimu ya msingi bila malipo umekuwa shilingi 1,420 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Shule yenye wanafunzi 800 hupata kwa hesabu hiyo shilingi 1,136,000. Shule yenye wanafunzi 40 hupata shilingi 56,800. Chaki, vitabu vya kumbukumbu, mlinzi na ukarabati wa paa havipungui kwa kiwango hichohicho eti kwa kuwa watoto ni wachache, na shule za wafugaji kwa asili yake huwa ndogo, kwa sababu kambi inayohama haiwezi kuwa na watu wengi kuliko malisho yanavyoruhusu. Jopo la Rais kuhusu Mageuzi ya Elimu, lililoongozwa na Profesa Raphael Munavu na kutoa ripoti yake mwaka 2023, lilipendekeza kila shule ipate kiasi cha msingi cha kuiendesha bila kujali idadi ya wanafunzi. Pendekezo hilo lingezifaa shule za Chalbi huko Marsabit na Loima huko Turkana kuliko shule nyingine zozote nchini.

Kabla hata ya kufika kwenye kiasi, kuna swali la nani anahesabiwa. Tangu mgao ulipofungamanishwa na mfumo wa kompyuta wa NEMIS, mwanafunzi alitakiwa kuingizwa kwa nambari ya cheti cha kuzaliwa ndipo shule yake ilipiwe. Mtoto aliyezaliwa kambini, mkunga akiwa bibi yake, hana karatasi hiyo. Kuitafuta baadaye kunataka kwenda kwa naibu wa chifu, kisha kwenda mjini kwenye ofisi ya usajili, kwa gari linalopita mara moja kwa wiki, ikiwa linapita. Mwalimu mwema humkubali mtoto hivyohivyo na kumkalisha pamoja na wenzake, lakini shule inaadhibiwa kwa wema huo, kwa kuwa fedha zinazokuja ni za wale wenye karatasi. Serikali inakuwa na watoto walio darasani wasiokuwemo katika hesabu yake, huku wazazi wao wakitishiwa faini kwa kutowapeleka.

Walimu nao wamelipa gharama isiyosahaulika. Tarehe 22 Novemba 2014, magaidi wa Al-Shabaab walisimamisha basi lililotoka Mandera na kuwaua abiria 28, wengi wao walimu waliokuwa wakirudi nyumbani kwa likizo ya Desemba. Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Januari 2020 walimu watatu waliuawa huko Kamuthe, kaunti ya Garissa, na Tume ya Huduma za Walimu ikawahamisha walimu wengi wasio wenyeji. Hakuna mwenye haki ya kumlaumu mwalimu aliyeondoka. Lakini watoto walibaki, na mara nyingine walibaki na mwalimu mmoja kwa shule nzima.

Katika kumbukumbu hizo chungu lipo pia jina la Salah Farah, mwalimu kutoka Mandera. Desemba 2015 basi alilopanda lilivamiwa, washambuliaji wakataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu walikataa. Mwalimu Farah alipigwa risasi, akafariki mwezi uliofuata, na serikali ikamtunukia nishani baada ya kifo chake. Filamu ya Watu Wote ilitokana na kisa cha basi hilo. Nchi ilimheshimu kwa kuwalinda wageni, na ilifanya vyema. Ingemheshimu kwa kazi yake ya kila siku pia endapo ingewasomesha vijana wengi wa Mandera, Wajir na Garissa wawe walimu wa nyumbani kwao, watu wanaojua njia za kambi, wanaosema lugha ya mtoto wa gredi ya kwanza, na wasiolazimika kupanda basi Desemba kwenda kuona familia. Vyuo vya ualimu vya Garissa na Mandera vipo. Kinachotakiwa ni nafasi za ajira zilizotengwa kwa ajili ya wahitimu watakaokubali kufundisha kambini, pamoja na posho ya mazingira magumu inayolingana na maisha ya kuhama.

Yapo yanayothibitisha kwamba utumishi wa umma unaweza kutembea. Mwaka 1996 Huduma ya Maktaba za Kitaifa ilianza kupeleka vitabu kwa ngamia kutoka Garissa. Ngamia watatu waliobeba masanduku na hema waliwafikia watu ambao gari la maktaba halikuweza kuwafikia, na huduma hiyo ikaenea hadi Wajir. Iliendeshwa na shirika la serikali. Huko Samburu, tangu miaka ya 1990, wachungaji wadogo wamekuwa wakisoma jioni baada ya mifugo kuingia bomani, katika mpango unaoitwa Lchekuti, yaani mchungaji kwa Kisamburu. Upande wa pili wa mpaka, Karamoja nchini Uganda, mpango wa ABEK ulioanza mwaka 1998 uliweka masomo alfajiri na jioni karibu na makazi, ukatumia lugha ya wenyeji na walimu waliotoka katika jamii hiyo. Nigeria iliunda tume yake ya elimu ya wahamaji mwaka 1989, muda mrefu kabla ya NACONEK.

Jamii za Kisomali zina mfano wao, mkongwe kuliko yote haya. Mwalimu wa duksi, yaani shule ya Kurani, huhama na familia. Watoto huandika aya kwenye mbao, wakahifadhi, mbao zikaoshwa na kuandikwa tena. Usiku husoma kwa mwanga wa moto. Hakuna kambi inayolalamika kwamba watoto hawana muda wa duksi, kwa sababu mwalimu amepanga muda wake kwa kufuata ng'ombe na ngamia. Shule ya serikali ya kuhamahama inayofanya kazi vizuri huanzia hapo: mwalimu mmoja au wawili, ubao unaokunjwa, vitabu vya gredi tatu za mwanzo, taa ya sola, na saa za masomo zinazopangwa na wazee wa kambi. Mtoto akishajua kusoma, kuandika na kuhesabu, anaweza kuhamia shule ya bweni akiwa na umri mkubwa kidogo, na kwa hiari ya wazazi wake.

Chakula hakihitaji maneno mengi. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lililisha shule za maeneo kame tangu 1980, likaikabidhi serikali kazi hiyo kikamilifu mwaka 2018. Katika ukame, uji wa shule ndio unaomleta mtoto, na mwezi ambao mahindi na maharagwe hayajafika ni mwezi ambao hata waliokuwepo huondoka. Kamati inaweza kufuatilia tarehe ambazo chakula hufika Lodwar na North Horr kwa ukali uleule inaofuatilia karatasi za mitihani.

Kuna pia Hazina ya Usawazishaji, asilimia 0.5 ya mapato ya taifa kila mwaka kwa maeneo yaliyotengwa. Kifungu cha 204 cha Katiba kinataja maji, barabara, vituo vya afya na umeme kwa mfano wa huduma za msingi, wala hakiifungii elimu mlango. Hazina hiyo iliwekewa miaka 20 tangu Katiba ianze kutumika Agosti 2010. Imebaki miaka michache, na mtoto anayezaliwa fora leo atakuwa bado hajamaliza shule ya msingi itakapofika ukomo.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, kamati inaombwa iruhusu kaunti za wafugaji zipange mihula yake kwa kufuata mvua, na ianze na kaunti moja ikiwa nchi nzima inaonekana kuwa kazi kubwa. Iagize kwamba mtoto aliyeko darasani alipiwe kwa kuwa yuko darasani, huku msajili wa vizazi akipelekwa kambini amkatie cheti hapohapo. Itenge fungu la shule za kuhamahama linaloonekana peke yake katika makadirio, lisilochanganywa na shule zenye kuta, ili mtu yeyote aweze kulisoma na kuuliza lilikwenda wapi.

Na Waziri atakapofika mbele yenu kutetea makadirio ya mwaka huu, aulizwe maswali ambayo yanaweza kujibiwa kwa tarakimu. Ni shule ngapi za kuhamahama zilizo na mwalimu anayelipwa na Tume ya Huduma za Walimu? Wiki hii ziko wapi? Walimu wake walilipwa lini mara ya mwisho, na nani alilipia ngamia aliyebeba ubao? Maswali hayo yaandikwe katika kumbukumbu rasmi za kamati, na majibu yasomwe kwa sauti kwenye redio za Lodwar, Marsabit, Wajir na Garissa, kwa lugha wanazozielewa wazazi wa watoto hao.